Modeli ya seli za konea ikikorofisha: dalili, chanzo na namna ya kuirekebisha

Nyuma ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, kuna tabaka la seli lenye unene wa takriban mikromita 5 tu. Seli zimepangana safu moja kama masega ya nyuki, nyingi zikiwa na pande sita, na kazi yake ni kuvuta maji yatoke ndani ya konea ili mwanga upite bila kizuizi. Kwa binadamu seli hizi karibu hazizaliani tena. Moja ikifa, majirani hujinyoosha, husogea na kulifunika pengo lake. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli kama 2,500 katika kila milimita ya mraba. Zikishuka hadi karibu 500, konea hulemewa na maji na mtu huanza kuona ukungu.

Katika ugonjwa wa Fuchs, ambao Ernst Fuchs wa Vienna aliueleza mwaka 1910, seli hizo hufa kabla ya wakati, na vinundu huota kwenye utando wa Descemet ambao seli zimeukalia. Mgonjwa huamka akiwa na ukungu machoni, kisha ukapungua kadiri mchana unavyosonga, kwa sababu usiku kope zikiwa zimefumba maji hayapati njia ya kuvukiza.

Ugonjwa huu unafaa sana kuigwa kwa jiometri. Mwaka 1978 Hisao Honda wa Japani alionyesha kwamba mpangilio wa seli unaweza kuelezwa kwa mchoro wa Voronoi: kila seli ina nukta yake, na eneo lake ni sehemu yote iliyo karibu na nukta hiyo kuliko nukta nyingine yoyote. Mwaka 1982 yeye na wenzake wakachapisha kazi ya kuvutia zaidi: walifuatilia seli mojamoja katika konea zilizojeruhiwa za paka walio hai, wakaona jinsi zinavyosogea kuziba jeraha.

Nakuandikia wewe ambaye tayari umeandika modeli yako, pengine kwa Python na maktaba ya SciPy, na sasa inakupa majibu usiyoyaelewa. Kabla ya kubadilisha mstari wowote, chapisha namba tatu katika kila hatua ya muda: idadi ya seli, jumla ya maeneo yake, na wastani wa idadi ya pande. Idadi isipande kamwe. Jumla ya maeneo isizidi eneo la konea uliyoiweka. Wastani wa pande uwe sita, kwa sababu pale ambapo seli tatu tatu hukutana kila kwenye pembe, hesabu ya Euler ya ncha, kingo na nyuso hairuhusu jibu jingine. Namba hizi tatu zimeniokolea siku nyingi kuliko mchoro wowote wa rangi.

Seli za pembeni zina eneo lisilo na mwisho, au wastani wa pande haufiki sita

Nukta za pembeni hazina jirani upande wa nje, kwa hiyo maeneo yake huachwa wazi. SciPy huonyesha hali hiyo kwa kuweka -1 katika orodha ya ncha za eneo hilo. Ukiikokotoa orodha hiyo bila kuichuja, Python huisoma -1 kama "ncha ya mwisho katika orodha", nawe unapata poligoni iliyokatiza konea nzima bila onyo lolote la kosa.

Tiba rahisi ni kunakili nukta zote mara nane kuzunguka kisanduku kilichobeba nukta zako, ukokotoe mchoro wa nakala zote tisa, kisha ubaki na seli za kisanduku cha katikati. Hapo wastani wa pande utakuwa sita kamili. Ikiwa unatumia picha halisi ya mgonjwa, kunakili hakufai, maana ukingo wa kulia wa picha hauungani na wa kushoto. Hapo ondoa katika hesabu seli zote zinazogusa ukingo, lakini ziache katika mchoro ili zilizo ndani ziendelee kuwa na majirani.

Maeneo ni sahihi kwa jumla lakini yamepewa seli zisizo zake

Unaona seli ndogo kwenye mchoro, ila jedwali linasema ni kubwa. Chanzo ni kudhani kwamba eneo la tano katika orodha ya `regions` ni la nukta ya tano. Sivyo. Pitia `point_region` kwanza. Ndiyo inayosema nukta ipi ina eneo lipi. Kosa hili ni la hatari kwa sababu namba tatu za ukaguzi hubaki sawa kabisa. Linajitokeza pale tu unapoanza kuhesabu nguvu, seli ndogo zikasukumwa kana kwamba zimejaa kupita kiasi.

Programu inakwama, au inatoa pembe zinazokutanisha seli nne tangu mwanzo

Umeanza na nukta zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka kama vigae vya sakafuni. Kila nukta nne za jirani ziko juu ya duara moja, na pembetatu za Delaunay, yaani zile zinazounganisha nukta zilizo jirani kwenye mchoro wa Voronoi, hazina njia moja tu ya kuzigawa. Kompyuta inapouliza "je, nukta hii iko ndani ya duara au nje?", jibu sahihi ni "juu yake", na kosa dogo la kukadiria desimali huamua upande. Leo itasema ndani, kesho nje.

Zisogeze nukta kidogo kwa bahati nasibu kabla ya kuanza, au tumia chaguo la `QJ` la Qhull, programu ambayo SciPy huitumia kukokotoa michoro hii; chaguo hilo hufanya hivyo kwa niaba yako. Ikiwa unaandika hesabu hizo mwenyewe, usilinganishe na sifuri moja kwa moja. Jonathan Shewchuk alichapisha mwaka 1997 mbinu inayoongeza usahihi pale tu jibu linapokaribia sifuri, na CGAL, maktaba ya programu za jiometri, nayo ina hesabu za aina hiyo zisizokosea. Zitumie. Mwendo wa seli unategemea nani ni jirani ya nani, na ujirani ukiamuliwa na makosa ya desimali, hakuna unachokipima.

Konea yenye afya inaonekana ya mgonjwa, au ya mgonjwa inaonekana yenye afya

Hapa ndipo wengi hupotea, na nitakaa hapa kidogo.

Madaktari huangalia vipimo vitatu kwenye picha ya seli: idadi kwa milimita ya mraba, asilimia ya seli zenye pande sita, na jinsi ukubwa unavyotofautiana, yaani mchepuko sanifu wa maeneo uliogawanywa kwa wastani wake. Konea nzuri kwa kawaida huwa na pembesita kuanzia asilimia 60 hivi, na tofauti ya ukubwa karibu na 0.25 hadi 0.30. Ugonjwa unapoendelea, pembesita hupungua na tofauti huongezeka.

Sasa tazama modeli yako ilianzia wapi. Ukitupa nukta ovyo kabisa, mchoro wa Voronoi utakupa pembesita takriban asilimia 29 tu na tofauti ya ukubwa ya takriban 0.53. Hiyo ni konea iliyoharibika vibaya kabla seli hata moja haijafa. Ukizipanga nukta kama masega, utapata asilimia 100 na sifuri, jicho ambalo halipo duniani. Njia ya kati ni kutupa nukta ovyo kisha kuzilainisha kwa mbinu ya Lloyd: sogeza kila nukta hadi katikati ya eneo lake, kokotoa upya, rudia. Simama pale vipimo vinapofanana na vya mtu mwenye afya wa umri unaouiga. Wengi huliacha zoezi hili liendelee ndani ya uigaji wenyewe, kila hatua, kwa kuwa mchoro unapendeza. Matokeo yake ni kwamba kila seli inayokufa, dalili yake hufutwa hatua chache baadaye. Mgonjwa anapona kwenye kompyuta tu.

Kama namba mbaya zinatoka kwenye picha halisi, usiilaumu modeli bado. Angalia ulivyotenganisha seli. Mpaka hafifu ukikosekana, seli mbili huhesabiwa kuwa moja. Chora mgawanyo wa maeneo: ukiona kilima cha pili kwenye ukubwa mara mbili ya cha kwanza, hizo ni seli zilizounganishwa kimakosa. Hakikisha pia kipimo cha pikseli kwa mikromita. Seli kwenye msongamano wa 2,500 ina eneo la mikromita za mraba 400. Ukikosea kipimo kwa asilimia 10, eneo linakosewa kwa takriban asilimia 20, na hesabu yote ya ugonjwa inahama.

Vinundu vya Fuchs huonekana kwenye picha kama madoa meusi, na doa likisomwa kama seli utapata jitu moja lenye pande kumi na mbili. Ukiliruka doa, mchoro wa Voronoi utaligawa kwa majirani, nao wataonekana wamevimba. Lichore kama poligoni ya kikwazo, likate kutoka kwa kila seli inayoligusa, na utoe msongamano wa aina mbili: wa eneo lenye seli peke yake na wa picha nzima. Daktari atahitaji yote mawili, kwani kwa mgonjwa mwenye vinundu vingi namba hizo mbili hutofautiana sana.

Na kama mistari ya Voronoi haikai juu ya mipaka halisi hata kwenye picha safi, tazama kama ni pale seli kubwa inapopakana na ndogo. Voronoi ya kawaida huweka mpaka katikati kabisa ya nukta mbili, kwa hiyo humnyang'anya mkubwa na kumpa mdogo. Mchoro wa Laguerre humpa kila nukta uzito, na mpaka husogea kuelekea kwa mwenye uzito mdogo. Kwa konea ya Fuchs mimi huanza na huo moja kwa moja.

Pengo linafungika papo hapo

Umefuta seli ishirini, na hatua inayofuata hakuna pengo tena. Mchoro wa Voronoi haujui pengo ni nini: kila mahali lazima pawe pa mtu, hivyo majirani hurithi ardhi siku hiyohiyo. Kwenye jicho, seli hutambaa.

Mpe kila mmoja kikomo: eneo la seli liwe sehemu yake ya Voronoi iliyokatwa na duara lenye kitovu kwenye nukta yake. Palipo nje ya maduara yote ndipo pengo lilipo. Ukubwa wa duara uchague kwa hesabu. Seli ya pande sita kwenye msongamano wa 2,500 inafika mikromita 12.4 kutoka katikati hadi kwenye ncha, hivyo duara lenye nusukipenyo chini ya hapo litaacha vitundu kwenye kila pembe hata kwa jicho lenye afya. Lakini kwenye msongamano wa 500, umbali huo ni karibu mikromita 28. Ukiweka kikomo cha 20, seli zako, hata zijipange vizuri namna gani, zitaanza kuacha matundu msongamano ukishuka chini ya takriban 960. Utadhani umegundua jambo kuhusu ugonjwa, kumbe ni duara lako.

Kama tayari una kikomo na bado pengo linafungika haraka mno, uliza kasi ya mwendo uliitoa wapi. Tafiti nyingi za majeraha ya tabaka hili zimefanywa kwa sungura, na seli za sungura hugawanyika vizuri baada ya jeraha. Seli za binadamu hazifanyi hivyo. Kasi ya kuziba jeraha kwa sungura imebeba ndani yake uzazi wa seli, na ukiiingiza kama mwendo mtupu unampa mgonjwa wako uwezo asio nao.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu linatoka kwenye upasuaji halisi. Baadhi ya wagonjwa wa Fuchs hubanduliwa duara la utando wa Descemet katikati ya konea, lenye kipenyo cha milimita 4 hivi, bila kupandikizwa chochote. Seli za pembezoni huachwa zitambae zenyewe kufunika katikati, kazi inayochukua wiki hadi miezi. Weka kwenye modeli konea yenye kipenyo cha milimita 8 na msongamano wa 2,000 pembezoni. Mkanda uliobaki una milimita za mraba 37.7, yaani seli kama 75,400. Zikienea sawasawa juu ya milimita zote 50.3, msongamano utakuwa 1,500. Hauwezi kuzidi hapo. Ukiona 1,600, kuna seli inazaliwa mahali fulani kwenye programu yako. Mara nyingi ni nakala za ukingoni zilizosahaulika kufutwa. Ukiona 1,500 juma la kwanza tu, mwendo wako ni wa kasi mno.

Wagonjwa hao wakati mwingine hupewa matone ya kuzuia kimeng'enya cha ROCK, kama ripasudili, dawa iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 kwa ajili ya glakoma. Kwenye modeli anza kwa kuongeza mwendo na kulegeza mvutano wa kingo za seli. Idadi usiiguse. Mahali pekee ambapo idadi inaruhusiwa kupanda ni ukiiga tiba ya Kyoto, ambapo Shigeru Kinoshita na wenzake waliwachoma wagonjwa 11 sindano ya seli zilizokuzwa maabara, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hapo zinaingia kutoka nje, na uziandike hivyo.

Pengo halifungiki kabisa, seli zimeganda

Hili ni kinyume cha lililotangulia. Nguvu ya mwendo ipo, mishale yote inaelekea kwenye pengo, lakini seli zinatetemeka mahali pamoja bila kubadilishana majirani.

Chukua mzingo unaoulenga kwa kila seli, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha eneo unalolilenga. Kwa pembesita sawia jibu ni 3.72. Kwa pembetano sawia ni 3.81. Mwaka 2015 Dapeng Bi, Lisa Manning na wenzao walionyesha kwamba katika modeli za ncha, yaani zile zinazosogeza ncha za poligoni badala ya nukta za katikati, tishu huwa ngumu chini ya takriban 3.81, na hutiririka juu yake. Wengi huweka 3.72 kwa sababu wanataka pembesita, nao wanapata pembesita zilizogandamana kama saruji. Panda polepole hadi 3.85 au 3.9 uone mwendo unavyoanza. Ikiwa unatumia Voronoi badala ya kusogeza ncha zenyewe, usiitegemee 3.81 kama mstari mkali, kwa sababu hapo nguvu ya mwendo wa kila seli nayo inahesabika.

Iwapo zinaganda karibu na vinundu tu, kagua vikwazo vyako. Kinundu kidogo seli inaweza kukipanda na kuwa nyembamba juu yake, kirefu huizuia. Ukivifanya vyote kuwa kuta, konea yenye vinundu vingi itafungwa kama mji wenye barabara zilizozibwa kila upande.

Kingo zinapepesuka, seli mbili zikibadilishana majirani kila hatua

Ukingo ukifupika chini ya kiwango fulani, modeli ya ncha huugeuza: majirani wawili huachana, wengine wawili hukutana. Ukiuumba ukingo mpya ukiwa na urefu uleule wa kiwango, hatua inayofuata utageuzwa tena. Uanze ukiwa mrefu kidogo kuliko kiwango. Kama bado unapepesuka, punguza hatua ya muda kwa nusu. Eneo la seli likitoka hasi, poligoni imejikunja juu yake yenyewe, na hatua ya muda ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Jicho linapofuka miezi michache tu baada ya kuanza

Mwaka 1997 William Bourne na wenzake wa Mayo Clinic walikadiria kwamba mtu mzima asiye na ugonjwa hupoteza asilimia 0.6 ya seli hizi kwa mwaka. Anayeanza na 2,600 atakuwa na takriban 1,920 baada ya miaka 50, na ataendelea kuona vizuri. Ukiiweka 0.006 hiyo kama uwezekano wa kufa kwa kila hatua, na hatua yako ni siku moja, nusu ya seli zitakuwa zimekwisha kwa siku kama 115. Kwa siku moja namba sahihi ni karibu 0.0000165. Weka kwanza kasi ya mtu mzima wa afya, hakikisha miaka 50 inapita salama, ndipo uongeze kasi ya ugonjwa juu yake.

Picha ndogo inakubaliana na kliniki, konea nzima haikubaliani

Picha ya kliniki hufunika sehemu isiyofika milimita moja upande hadi upande, na hapo konea inaweza kuhesabiwa kuwa tambarare bila madhara. Konea nzima imepinda. Uso wake wa nyuma una nusukipenyo cha mpindo cha karibu milimita 6.5, na kipande chenye kipenyo cha milimita 8 kikipimwa kama bamba kina milimita za mraba 50.3, ilhali kikifuatwa mpindo wake kina 56.2. Hiyo ni tofauti ya asilimia 12, sawa na kupoteza seli za miaka ishirini za mtu mwenye afya. Hata hesabu ya 1,500 niliyotoa juu ni ya bamba. Kwenye uso uliopinda ikokotoe upya.

Tumia `SphericalVoronoi` ya SciPy, au weka nukta juu ya tufe na ukokotoe umbo mbonyeo linalozizunguka katika vipimo vitatu: nyuso zake za pembetatu ndizo Delaunay ya tufe. Kwa kuwa konea ni kofia tu na si tufe zima, pembetatu kubwa zitakazojitokeza chini ya ukingo uzitupe, la sivyo seli za ukingoni zitapata tena maeneo makubwa mno, kama zile za dalili ya kwanza.